Kishoka cha nyumbani: Baba, piga goti kwanza

Jumamosi moja huko Nyegezi, Mwanza, mama mmoja alirudi kutoka mwaloni na ndoo ya sangara wa kukaanga. Wateja wake huanza kupita jioni, lakini kuni zilizobaki uani zilikuwa nene. Mumewe alikuwa kazini. Mtoto wao wa kiume, mwenye miaka 12, akaona asaidie. Alichukua kishoka kilichoegemezwa ukutani, akasimamisha kuni juu ya jiwe, akainua mkono kama alivyozoea kumwona baba yake.

Pigo la tatu liliteleza. Kishoka kilipita kando ya kuni kikamkata ugokoni.

Jirani mmoja alikuja mbio na majivu, mwingine akashauri mafuta ya taa. Mama alikataa vyote. Alimlaza mtoto, akakunja khanga safi na kukandamiza kidonda kwa nguvu, bila kufunua kila mara kuangalia. Mguu ukanyanyuliwa juu, bajaji ikaitwa. Walipofika kituo cha afya damu ilikuwa imepungua. Mtoto alishonwa nyuzi sita na kuchomwa sindano ya kuzuia pepopunda.

Mama alifanya sawa. Damu husimama kwa kukandamizwa. Majivu huingiza uchafu kwenye kidonda, na mafuta ya taa huunguza nyama.

Jioni baba alirudi amepania kumchapa mtoto. Kabla hajapata fimbo, aliokota kile kishoka. Makali yalikuwa butu na yamemeguka, maana ua wao umejaa mawe kama nyua nyingi za Mwanza, naye siku zote alipasulia kuni juu ya jiwe. Mpini ulikuwa unacheza. Kila ulipolegea, alikilaza kishoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Mti ukilowa huvimba na kubana, lakini ukikauka husinyaa na kulegea kuliko mwanzo. Siku yoyote chuma kingeweza kuchomoka na kumrukia mtu. Mtoto alikuwa amevaa ndala, kama anavyovaa yeye akipasua kuni.

Fimbo hakuitafuta tena.

“Basi nitakifungia kabatini,” alimwambia mkewe.

“Baba watoto, ukikifungia hiki ataazima cha jirani. Mfundishe,” mkewe akajibu.

Bibi wa mtoto alikuwa na msemo wake: mtoto akililia wembe, mpe. Wengi huutumia kwa maana kwamba akiumia ndipo atajua. Baba aliona kidonda kimoja kinatosha.

Alikipeleka kishoka kwa fundi seremala, mzee wa mtaani. Mzee aliondoa mpini uliolegea, akaweka mwingine wa mti mkavu na kuukaza kwa kabari. Makali aliyasawazisha kwa tupa, pande zote mbili sawasawa, akamalizia kwa jiwe la kunolea. Alisema makali butu ndiyo huteleza na kumgeukia mtu. Makali mazuri huuma kuni na kubaki hapo hapo.

Kisha akamweleza jambo ambalo baba hakuwahi kulifikiria. Shoka refu likikosa kuni, mara nyingi huishia ardhini mbele ya miguu. Kishoka mpini wake ni mfupi, hivyo kikikosa huzunguka na kumrudia aliyekishika, gotini au ugokoni. Dawa yake ni kupiga goti nyuma ya kigogo kipana, ili pigo likikosa liishie kwenye kigogo au ardhini.

Hapo baba alisita. Alikokulia, wanaopiga magoti ni wasichana na kina mama wanapoamkia wakubwa. Majirani wangesemaje?

Kidonda kilipopona, alimwita mtoto uani. Jiwe liliondolewa, kikawekwa kigogo cha mwembe. Wote wawili walivaa viatu vya kufunika miguu. Baba akapiga goti yeye kwanza. Dirishani mtu alicheka. Hakuinua kichwa.

Alimwonyesha kunyoosha mkono wenye kishoka na kuzunguka taratibu: ndani ya duara hilo asiwepo mtu. Kuni haishikwi kwa mkono wakati wa kupiga. Isiposimama, huegemezwa kwenye kigogo. Ukichoka, acha. Ukimpa mtu kishoka, makali yasimwelekee. Ukimaliza, futa utomvu na maji, paka mafuta kidogo chuma kisishike kutu, funika makali kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kisha ukiweke juu wasikofika wadogo. Na sharti moja: hakishiki kishoka bila mtu mzima kuwepo.

Mtoto alipokabidhiwa, hakupiga mara moja. Alipiga goti, akageuka nyuma, akamwona mdogo wake anasogea.

“Rudi kwa mama,” alisema, akangoja mpaka alipofika mlangoni.