Kwetu tunaomba, kwao wanadai

Kila Novemba, mwenye nyumba katika jimbo la Minnesota hupokea barua kutoka kwa kaunti yake. Haina picha ya mkubwa yeyote wala kaulimbiu. Inakueleza nyumba yako imethaminiwa kiasi gani, mwaka huu umetozwa kodi kiasi gani, na mwaka ujao wanakusudia kukutoza kiasi gani. Tena wanachanganua: hii ni ya kaunti, hii ya mji, hii ya shule. Chini pana tarehe, saa na mahali pa kikao ambapo unaweza kwenda kusema lako. Sheria ya jimbo inataka kikao hicho kisianze kabla ya saa kumi na mbili jioni, ili aliyeshinda kazini naye afike.

Mimi mtoto wa Msambweni, kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, nilipoisoma mara ya kwanza, nilipiga hesabu, nikakasirika, nikatafuta ufunguo wa gari.

Msidhani huko ukumbini nilikuta umati. Viti vingi vilikuwa vitupu. Waliokuja walikuwa wazee wenye nyumba zao, wameshika makaratasi waliyoyapigia mistari kwa kalamu. Kila mmoja alipewa dakika chache tu, na zikiisha anakatizwa hata kama ndiyo kwanza ananoga. Wapangaji sikuwaona. Wakenya wenzangu nao jioni ile wengi walikuwa wanaingia zamu ya usiku kwenye makao ya wazee. Kwa hiyo anayeniambia Wamarekani wanajua kushirikisha umma kutushinda, namwambia hajaona baraza la Kwale, ambako viti vya plastiki vikijaa watu wanasimama, na kina mama ndio wa mwisho kuondoka.

Hata sheria yetu ina nguvu zaidi. Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi waziwazi, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kila kaunti lazima iwe na mpango wa miaka mitano, ule watu wanaouita CIDP. Wa Kwale unaoendelea sasa ni wa 2023 hadi 2027. Juu yake kuna mpango wa kila mwaka, ambao lazima uwe umefika bunge la kaunti si baada ya Septemba 1. Maono yapo, malengo ya mwaka yapo, kalenda ipo.

Sasa sikiliza mikutano yenyewe. Mzee anainuka: tunaomba kisima. Mama anainuka: tunaomba zahanati ipate dawa. Kijana wa bodaboda: tunaomba barabara. Afisa anaandika, anashukuru, anaelekea wadi nyingine, maana wadi ni 20. Mwaka ukizunguka, anarudi na daftari jipya. Ni nadra kumsikia mtu akisimama kuuliza: mwaka jana mlisema mtafanya haya, yapi yamefanyika, na yale mengine pesa zake ziko wapi?

Wengi wanasema watu wetu hawajaelimishwa. Sikubali. Mama anayeuza samaki kijijini Gazi anajua hesabu ya senti kuliko mimi. Tatizo ni chanzo cha pesa. Kaunti ya Kwale hupata zaidi ya shilingi bilioni 8 kwa mwaka kutoka Nairobi kama mgao wake, na inachokusanya yenyewe, kwenye leseni za biashara, kodi za ardhi, ada za soko na mengineyo, hakifikii hata bilioni moja. Pesa ikitoka mbali huonekana kama hisani, na kwa mwenye hisani mtu huenda kwa adabu. Mzee wangu wa kule ukumbini Minnesota hana adabu hiyo. Ana barua mkononi yenye tarakimu zake mwenyewe.

Ukitaka ushahidi wa nyumbani, nenda hapo hapo Gazi. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yanarudi kwa watu wa Gazi na Makongeni. Si pesa za kutisha. Hoteli moja ya Diani ingezicheka. Lakini hakuna wa kuombwa. Wanakijiji wenyewe hukaa wakaamua: maji, shule, au kingine. Baraza ni lile lile na watu ni wale wale, ila pesa ina mwenyewe.

Nisiwapambe Wamarekani kupita kiasi. Mji wa Minneapolis, huko huko Minnesota, uliandika maono yake hadi mwaka 2040, ukatoa rasimu Machi 2018, maoni yakamiminika kwa maelfu. Watu walichomeka vibao mbele ya nyumba zao kupinga kuruhusu makazi kadhaa kwenye kiwanja kilichokuwa cha familia moja. Desemba baraza la mji likapitisha kwa kura 12 dhidi ya 1, kisha wapinzani wakaushtaki mji, kesi ikachukua miaka. Mwenye kiwanja ana sauti kubwa kule, na mara nyingi huitumia kumzuia asiye nacho. Kwetu angalau mpangaji na mwenye shamba wanakaa mkeka mmoja.

Kwa hiyo jicho langu liko Diani, kwetu Kwale. Sasa ni manispaa, ina bodi yake, ingawa wajumbe wa bodi hiyo hatuwapigii kura. Ina hoteli, majumba ya kupangisha, maduka ya Ukunda, na mama karanga anayelipa ushuru wa kila siku. Wote hao hupewa leseni au risiti. Ukumbi wa Minnesota siuhitaji kule. Kumbi tunazo na watu tunao. Ningechukua ile barua tu. Leseni ya mwaka inapotolewa, nyuma yake pachapishwe mambo matatu: Diani ilikusanya kiasi gani mwaka uliopita, iliahidi kufanya nini, na ahadi ipi haikutimia. Kisha tarehe ya baraza, jioni, baada ya wafanyakazi wa hoteli wa zamu ya mchana kutoka kazini.