Kweli ya Jana na Kweli ya Leo

Mchezo wa kuigiza unapoonyeshwa kwa mara ya kwanza, hukumu mbili hupita kwa wakati mmoja. Watazamaji huuhukumu mchezo, na mchezo nao huwafichua watazamaji. Kwa kile wanachokisifu hujulikana walichokuwa wakikikosa, na kwa kile wanachokilaumu hujulikana wanachokijua kwa kukitenda. Hali hii ilionekana wazi Jumapili ya tarehe 24 Juni, 2012, stesheni ya HBO ya Marekani ilipoonyesha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya televisheni iliyoitwa The Newsroom, yaani Chumba cha Habari. Mtungaji wake alikuwa Aaron Sorkin, ambaye alikwisha kupata sifa kwa The West Wing, tamthilia ya mambo ya Ikulu ya nchi yake, na kwa filamu ya The Social Network iliyompa tuzo ya Oscar mwaka 2011. Watu wapatao milioni 2.1 waliitazama usiku ule. Haukupita muda watazamaji wakawa makundi mawili, na kila kundi likalishangaa jingine.

Hadithi yenyewe si ndefu kusimulia. Will McAvoy, aliyeigizwa na Jeff Daniels, ni mtangazaji wa habari ambaye umashuhuri wake umetokana na kutomuudhi mtu yeyote. Ameketi jukwaani katika Chuo Kikuu cha Northwestern, baina ya msemaji wa mrengo wa kushoto na msemaji wa mrengo wa kulia. Msichana mmoja mwanafunzi anawauliza wote watatu ni kwa sababu gani Marekani ni nchi bora kuliko zote duniani. Wenzake wanajibu kwa maneno machache ya kupendeza. Yeye anakwepa, anasukumwa, anakwepa tena. Kisha kinapasuka kile alichokuwa amekiziba kwa miaka mingi. Anasema kwamba si bora kuliko zote, anazitaja tarakimu moja baada ya moja kuonyesha ilivyoachwa nyuma, na mwishowe sauti inashuka, akaikumbuka nchi ambayo zamani watu wake walipewa habari na watu waliostahili heshima.

Baada ya majuma matatu ya likizo McAvoy anarejea kazini. Anakuta wengi wa wafanyakazi wake wanamhama, na mkubwa wake, Charlie Skinner, amekwisha kumwajiri mtayarishaji mpya bila ya kumtaka shauri. Mtayarishaji huyo ni MacKenzie McHale, mwanamke waliyependana naye zamani wakaachana kwa uchungu. Jioni ile ile inaingia habari ya mlipuko wa mtambo wa kuchimba mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Mmoja anaipuuza, mwingine anaifuata. Simu mbili zinapigwa na watu walio ndani ya makampuni yanayohusika. Na kipindi kinapokwenda hewani, watangazaji wanajua karibu kila jambo lililostahili kujulikana.

Walioisifu sehemu hii waliisifu kwa moyo. Hotuba ya McAvoy ilikatwa peke yake ikaenezwa katika intaneti, ikawafikia hata watu ambao hawakupata kuitazama tamthilia nzima. Dan Rather, aliyesoma habari za jioni za CBS tangu 1981 hadi 2005, aliandika kuisifu. Mwaka uliofuata Daniels alipewa tuzo ya Emmy kwa kumwigiza McAvoy. Wala sifa hizo hazikutoka hewani. Mnamo Septemba 2012, uchunguzi wa maoni wa Gallup uliona kuwa Wamarekani 60 katika kila 100 walikuwa na imani haba, au hawakuwa na imani kabisa, katika vyombo vya habari vya nchi yao. Mtu aliyechoka kulishwa habari za kufurahisha, zilizopimwa kwa faida ya matangazo ya biashara, akimwona mtangazaji anayesema asilotakiwa kusema, hujiona kama aliyepewa haki yake. Mwenye kiu haulizi kata imechongwa na nani. Ni makosa kuwacheka watazamaji hawa, kwa maana walichokitaka ni kitu chema.

Walioilaumu, wengi wao walikuwa watu wa habari wenyewe. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na waandishi hawa walikuwa wamekilalia kitanda hiki kwa miaka mingi. Emily Nussbaum, mhakiki wa televisheni katika jarida la The New Yorker, hakuipenda. Jake Tapper, mwandishi wa habari wa televisheni, aliandika katika The New Republic kwamba tamthilia hii inautukuza wajibu wa wanahabari katika demokrasia, lakini inauona wajibu huo kuwa hasa ni kukishambulia chama kimoja. Wengine waliudhika kwa jinsi wanawake walivyochorwa. MacKenzie ameletwa kama mtu aliyeripoti vita, lakini sehemu kubwa ya maneno yake huzunguka mapenzi yaliyovunjika. Na yule msichana aliyeuliza swali anaaibishwa mbele ya umati kwa kosa la kuuliza, kana kwamba ujinga wa taifa zima ulikuwa umewekwa kichwani pake.

Lawama hizo zina uzito, walakini ziko mbili zinazokwenda ndani zaidi, kwa kuwa zinaugusa ukweli wenyewe, kitu ambacho tamthilia ilijitangaza kuwa mlinzi wake.

Ya kwanza ni tarakimu moja katika hotuba. McAvoy anasema kuwa Marekani ni ya 178 kwa vifo vya watoto wachanga, na msikilizaji anaelewa kuwa iko karibu na mkia wa dunia. Lakini nafasi ya namna hiyo hupatikana katika orodha kama ile iliyokuwa ikichapishwa na shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, ambayo ilianza na nchi yenye vifo vingi kuliko zote ikaishia kwa yenye vichache. Katika orodha hiyo ya nchi na maeneo zaidi ya 200, kuwa wa 178 si aibu iliyodhaniwa. Ni kuwa miongoni mwa wale ambao watoto wao huishi zaidi. Ni kweli kwamba Marekani imekuwa nyuma ya mataifa mengi tajiri katika jambo hili, na mtu angeweza kulisema hilo kwa haki. Lakini hotuba iliyotungwa ili kuwakemea wasiochunguza ilibeba ndani yake tarakimu iliyosomwa juu chini, na mamia ya maelfu ya watu wakaishangilia bila ya kuipindua.

Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya wakati. Sehemu ya kwanza inapokuwa imekwisha kusonga mbele, tarehe inatokea katika kioo: 20 Aprili, 2010. Hapo ndipo mtazamaji anapotambua kuwa habari anayoiona ikiingia ni ya mtambo wa Deepwater Horizon, na kuwa yeye, mwaka 2012, anaujua mwisho wake. Mtungaji naye aliujua. Katika tamthilia, chumba cha habari kinafahamu kwa saa chache kwamba kisima hakiwezi kuzibwa upesi na kwamba maafa ya bahari yatakuwa makubwa. Katika dunia ya kweli mambo hayakwenda hivyo. Watu 11 walikufa katika mlipuko ule, na siku mbili baadaye mtambo ukazama. Siku ya tatu wakuu walisema kuwa hawajaona dalili ya mafuta kuvuja kisimani. Kisha ikasemwa kuwa yanavuja mapipa 1,000 kwa siku, baadaye 5,000. Mwezi wa Agosti wataalamu wa serikali walikadiria kuwa mwanzoni yalikuwa mapipa 62,000 kwa siku. Mafuta yalitiririka siku 87, mpaka tarehe 15 Julai. Kila mwandishi aliyekuwa akiifuata habari ile alitembea gizani, akishika ukuta huu na ule, akitoa leo hesabu ambayo kesho ingebatilishwa.

Hata saa yenyewe inashitaki. Kipindi cha McAvoy ni cha saa mbili za usiku mjini New York. Mlipuko wa kweli ulitokea karibu na saa nne kasorobo za usiku kwa saa za Louisiana, ambazo New York ni saa tano kasorobo. Basi mtangazaji wa tamthilia alieleza kisa cha maafa kabla maafa hayajatokea. Huenda hili ni kosa dogo la mtungaji wa michezo, ambaye hafungwi na saa kama afungwavyo mtunza kumbukumbu. Lakini hakuna kosa ambalo lingeweza kuonyesha vizuri zaidi ugonjwa uliolaumiwa. Mtu anayeandika habari ya jana akijua ya leo ana haraka isiyo ya kibinadamu.

Haki inataka utetezi nao usikiwe. Mnamo Aprili 2014, katika tamasha la filamu la Tribeca mjini New York, Sorkin alisema kuwa hakuiweka hadithi yake katika siku zilizopita ili kuwafundisha wanahabari jinsi ambavyo wangepaswa kufanya kazi. Alifanya hivyo kwa sababu hakutaka kubuni habari za uongo. Utetezi huu una maana. Mchezo wa habari zilizobuniwa ungekuwa na udhaifu wake, na tangu zamani watungaji wa tamthilia wamechukua visa ambavyo mwisho wake unajulikana. Lakini tamthilia ya wafalme waliokufa haimfanyi mtazamaji amdharau mfalme aliye hai kwa kutojua yatakayomfika. Tamthilia ya kazi inayotendeka kila usiku, mbele ya macho ya watazamaji wale wale, humpa mtazamaji kipimo. Naye kesho yake hukichukua kipimo hicho akampimia mtu aliye gizani. Atauliza kwa nini mwandishi wa kweli anasitasita, anasema "yasemekana", na anangoja shahidi wa pili. Ataona uangalifu kuwa woga.

Katika picha za ufunguzi za The Newsroom ilionekana sura ya Edward R. Murrow, na kisa cha mtu huyo kingetosha kufundisha tofauti iliyopo. Tarehe 9 Machi, 1954, katika kipindi cha See It Now cha CBS, Murrow alimkabili Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwatisha watu kwa tuhuma za ukomunisti. Stesheni haikutaka kukitangaza kipindi kile, na Murrow na mwenziwe Fred Friendly walilipa kwa fedha zao tangazo la gazetini. Walitumia zaidi picha na maneno ya McCarthy mwenyewe, ili mtazamaji aamue kwa yale aliyoyaona. Simu, simu za maandishi na barua zikamiminika kwa maelfu, na waliomuunga mkono Murrow walikuwa kiasi cha 15 kwa mmoja aliyempinga.

Aliposema maneno yake usiku ule, Murrow hakuujua mwisho. Baraza la Seneti lilimlaani McCarthy tarehe 2 Desemba, karibu miezi tisa baadaye. Mwezi wa Machi hakuna aliyeweza kuapa kwamba ingekuwa hivyo. Zaidi ya hayo, wako waliomlaumu Murrow kuwa alichelewa, kwa kuwa McCarthy alikwisha kuvuma tangu Februari 1950, na magazeti kadhaa yalikwisha kumpinga kabla yake. Lawama hiyo ni ya haki, nayo haiuvunji ujasiri wake, inauonyesha ulivyo. Ujasiri wa kweli aghalabu hufika ukiwa umechelewa, umechoka, una mashaka, na hauna hakika ya kushinda. Msema kweli hana wajoli, wasema watu. Nao wajoli wakimjia, huja baada ya yeye kwisha kujihatarisha.

Basi watazamaji wa 2012 walikuwa na haki pande zote mbili, ila kila upande ulishika nusu. Wapenzi wa tamthilia walijua wanachokitaka: mtu atakayewaheshimu kwa kuwaambia kweli ijapokuwa chungu. Wanahabari walijua bei ya kitu hicho, na waliudhika kukiona kikigawiwa bure na mtu aliyekuwa na majibu mfukoni. Kiu ya wa kwanza isidharauliwe, kwa maana taifa lisilokuwa nayo hulala. Uchungu wa wa pili nao usipuuzwe, kwa maana kweli ya jana imekwisha kuokotwa, kuoshwa na kuwekwa mezani, hali kweli ya leo bado iko chini ya maji, na hakuna ajuaye kina chake.

Tamthilia ilimalizika tarehe 14 Desemba, 2014, baada ya sehemu 25. Swali ililoliamsha usiku wake wa kwanza halikumalizika nayo. Ni rahisi kumshangilia mtangazaji asiyeweza kukosea, kwa sababu mtungaji wake amekwisha kumsomea kitabu cha mwisho. Ni vigumu kumvumilia aliye hai, anayesema, "Hili tunalijua, hili hatujalijua," na kurudi kesho kusahihisha. Watazamaji wakijifunza kumpa huyu wa pili subira na heshima waliyompa wa kwanza, atapata nguvu ya kusema mapema zaidi, kabla tarehe haijaandikwa kwenye kioo.