Mashua, tanga na kompyuta ya kilobaiti 64

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, kazi ya kutafuta unga ilinibana. Leo siandiki kuhusu Linux wala hifadhidata. Nataka kuwaeleza habari za watu wawili na mashua yao, na mkinivumilia mtaona kwamba bado nazungumzia kompyuta.

Watu hao ni Rekka Bellum na Devine Lu Linvega, wapenzi kutoka Kanada. Rekka ni mwandishi na mchoraji, Devine ni mwandishi wa programu na mwanamuziki. Mwaka 2016 walihamia kwenye mashua ya tanga iitwayo Pino, ya aina ya Yamaha 33, urefu wake mita kumi hivi. (Ndiyo, Yamaha hiyo hiyo ya pikipiki.) Kazi zao huzitoa kwa jina la Hundred Rabbits, yaani Sungura Mia. Waliteremka na pwani ya Amerika hadi Meksiko, wakaikata Pasifiki hadi visiwa vya Polinesia ya Kifaransa, kisha Niue, Tonga, New Zealand, Fiji na Visiwa vya Marshall, hadi Japani. Mwaka 2020 wakarudi Kanada kutoka Japani, siku 51 baharini. Safari hiyo ya mwisho waliiandikia kitabu, Busy Doing Nothing.

Ukisikia mtu na mpenzi wake wanazunguka visiwa vya joto kwa mashua, unawaza picha ya kalenda: mnazi, mchanga mweupe, dafu mkononi. Hayo yapo, lakini ni ya siku za kutia nanga. Mashua ya ukubwa ule huenda kama maili tano za baharini kwa saa, na kutoka Meksiko hadi visiwa vya Marquesas ni zaidi ya maili 2,500. Piga hesabu: majuma matatu au zaidi bila kuona nchi kavu. Na kwa kuwa mko wawili tu, mmoja akilala mwingine yuko zamu, anaangalia tanga na taa za meli. Nilipomsimulia mke wangu alicheka, akasema basi hiyo ni ndoa ya mlinzi wa usiku na mwalimu wa shule ya msingi, mnakutana mlangoni.

Kilichonikamata mimi ni stima. Paneli ya jua ya wati 100, siku nzuri ya tropiki, hukupa kama wati-saa 400. Laptop inayokula wati 50 ukiifanyia kazi saa nane imeshazimaliza zote, na hapo hujawasha friji, taa za usiku, GPS wala redio ya VHF. Tanga nalo hutupa kivuli juu ya paneli. Betri za risasi ukizizoesha kushuka chini ya nusu zinakufa mapema. Kwa hiyo kila programu inayozungusha prosesa bila sababu inakunywa kutoka tangi lile lile linalowasha taa ya mlingotini.

Halafu mtandao. Wasafiri wengi wa mashua waliozoea simu za setilaiti za aina ya zamani walikuwa na biti 2,400 kwa sekunde. Soma tena, biti. Picha moja ya megabaiti tatu ingechukua karibu saa tatu. Lakini utabiri wa upepo waliupata vizuri tu, kwa njia ambayo kila mwandishi wa programu angepaswa kuisoma: unatuma barua pepe ya mstari mmoja kwa huduma ya Saildocs, umetaja latitudo, longitudo na siku unazotaka, inakujibu na faili la GRIB. Faili la kilobaiti 20 linafika kwa dakika moja na kitu, na programu iliyo kwenye laptop yako inalichora juu ya ramani uliyonayo tayari. Hakuna ukurasa wala matangazo.

Sasa Rekka na Devine waliondoka na vifaa vya kazi kama vyetu sote. Wamesimulia jinsi vilivyowaangusha kimoja baada ya kingine. Vifaa vya kutengenezea programu vilidai masasisho ya zaidi ya gigabaiti 10. Programu za kulipia kila mwezi zilitaka kuongea na mwenyewe kila baada ya muda, la sivyo zinajifunga, na mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari. Wakaanza kujitengenezea zao: Left ya kuandikia, Orca ya muziki, ambayo kila herufi katika gridi ni amri. Mwanzoni walizijenga kwa Electron, na wanaoijua Electron wanajua kila programu inabeba kivinjari kizima tumboni. Ni kama kununua ng'ombe ili upate maziwa ya chai moja. Wakahamia lugha ya C, na mwaka 2021 Devine akatoa Uxn.

Uxn ni kompyuta ya kubuni: amri 32 tu, kumbukumbu ya kilobaiti 64, mabunda mawili ya kuwekea namba, kila moja baiti 256. Programu yako unaiandikia kompyuta hiyo, si Windows wala Mac. Anayetaka kuiendesha anahitaji kiigizi tu, na kiigizi ni kidogo kiasi kwamba watu wamekiandika kwa Nintendo DS, Game Boy Advance na Plan 9. Laptop ikifa kwa chumvi, kazi zako hazifi nayo. Sikuamini, nikajaribu mwenyewe. Kiini cha kiigizi kwa C kilinichukua siku mbili, na siku ya kwanza stima ilipotea mtaani kwetu kuanzia saa nane hadi jioni. Nilimaliza kwa betri.

Najua kuna atakayesema kwamba siku hizi kuna Starlink, hata huku Kenya tangu 2023, na mashua nyingi zinaibeba. Sawa. Lakini dishi la kawaida linakula wati 50 na zaidi, rudi kwenye hesabu ya paneli. Na ada ya mwezi ikikosekana, limekuwa sinia la kuandalia samaki.

Haya yote yangekuwa hadithi tamu tu kama nisingekuwa na mteja Lamu. Ana duka la vipuri vya mashua na anataka daftari la mauzo kwenye kompyuta. Nilikuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza, programu ya wavuti, data yake ikae kwenye seva ninayoilipia, naye anilipe kila mwezi. Ya pili, programu inayokaa dukani kwake, isiyoniuliza chochote, anilipe mara moja tukaagana. Tusidanganyane, ile ya kwanza ndiyo inayolipa karo. Mwandishi wa programu wa kujitegemea akikuambia anapenda seva kwa sababu za kiufundi tu, mtazame usoni. Lakini mtu huyu hununua bando la siku, na mvuvi anayetaka propela alfajiri hawezi kungoja mtandao urudi.

Nilimweleza zote mbili, na bei zake, na nani angeshika kamba katika kila moja. Akauliza swali moja tu: "Wewe ukifa, mwalimu, daftari langu litafunguka?"

Nikamwandikia ile ya pili. Sikutumia Uxn, ni C na faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mauzo, linafunguka hata kwa Notepad. Huu ni mwezi wa tatu na faili bado halijafika kilobaiti 200. Karo ya muhula ujao naitafuta kwingine. Nakala yake anaiweka kwenye flashi kila jioni, ameifunga pamoja na ufunguo wa duka.