Takwimu kwa Ujumbe wa Sauti

Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza tarehe 15 Machi 2020 kwamba masomo yanasimama kwa sababu ya korona, sisi wa vyuo vikuu tulipewa hadi Ijumaa tuwe tumehama hosteli. Nilipanda basi la usiku kwenda Kilifi na begi la nguo tu. Vitabu nilivifungia kabatini; nani angedhani mambo yangepita Pasaka? Mwanzoni mwa Aprili Nairobi ikafungwa, siku mbili baadaye Kilifi nayo, na vitabu vikabaki huko huko.

Kwetu ni ndani kidogo ya Kaloleni. Mtandao haushiki nyumbani, unashika chini ya mwembe wa jirani. Hapo ndipo nilipohudhuria mhadhara wangu wa kwanza wa mtandaoni, somo la takwimu, kwa Zoom. “Mnanisikia?” ndiyo sentensi niliyoielewa vizuri kuliko zote siku hiyo. Mhadhiri alitumia akaunti ya bure, ambayo hukata kikao cha kundi kikifika dakika 40, basi katikati ya fomula sote tukajikuta nje, tunahangaika kutafuta linki mpya kwenye WhatsApp. Wengi hawakurudi. Tusiwaite wavivu: saa moja ya video hula mamia ya MB, na wenzangu wengi walinunua bando la siku kwa pesa ya kuombaomba. Kamera tulizima wote ili bando lidumu, mwisho mhadhiri naye akazima yake.

Bibi mwenye mwembe alikuwa akichambua mchicha karibu yangu.

“Mjukuu wangu, huyo mwalimu anakuona?”

“Hapana, bibi.”

“Wewe je, unamwona?”

“Simwoni.”

“Haya. Someni tu.”

Mabadiliko yalikuja bila waraka wowote kutoka juu. Mhadhiri wetu, mtu mkali aliyekuwa akifunga mlango wa ukumbi ikigonga saa mbili, aliachana na Zoom kimyakimya. Akawa anafanya hesabu kwa kalamu kwenye karatasi, anaipiga picha, kisha anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: “Tazameni mstari wa tatu. Hapo nimegawanya kwa n kutoa moja, si kwa n. Msiruke.” Nyuma ya sauti yake jogoo anawika, mtoto analilia uji. Picha moja na sauti ya dakika chache ni MB kidogo sana. Hata mtu wa bando la shilingi kumi aliweza kuvifungua.

Mimi nilianza kuelewa takwimu hapo. Ukumbini alikuwa akifuta ubao kabla sijamaliza kunakili. Sasa nilimrudisha nyuma mara chungu nzima na hakuna aliyeguna. Binti mmoja ambaye sikuwahi kumsikia darasani akawa muulizaji wetu mkuu, maswali yake yakiingia saa nane za usiku.

Sidai kwamba kila mtu alifaidika. Wapo waliokuwa na kabambe tu, simu ndogo isiyofungua WhatsApp, na kwao chuo kiliisha Machi. Julai mwaka huo maputo ya mradi wa Loon yalianza kurusha intaneti sehemu za kati na magharibi mwa Kenya. Sisi wa Pwani tuliyasoma magazetini, na kabla hatujayaona mradi wenyewe ukavunjwa mwaka uliofuata.

Ukiuliza chuo, watakwambia masomo yalihamia kwenye mfumo rasmi, wenye nembo na nywila. Sisi tulisomea WhatsApp.

Tuliporudi ukumbini mwaka 2021, mhadhiri aliweka simu yake mezani, akabonyeza kurekodi, ndipo akashika chaki. Mlango aliufunga saa mbili kamili kama zamani. Waliochelewa walikaa zao kantini wakinywa chai. Walijua kabla ya saa sita mhadhara mzima utakuwa kwenye kundi, naye alijua kwamba wanajua.