Pesa ya Uwanja Izike Ardhini

Naivasha,
Februari

Mpendwa mpwa wangu,

Mkaza mjomba wako anakudai ile picha ya farasi uliyomwahidi. Nimefurahi kusikia kwamba wale farasi wawili wastaafu wa mbio za Ngong wamefika Nanyuki salama, na kwamba majirani wameshaanza kuulizia masomo ya kupanda farasi kwa watoto wao.

Orodha yako ya vifaa vya uwanja nimeisoma: mbao zilizopakwa rangi nyeupe, lango la chuma, mchanga, taa. Ni orodha nzuri, ila umeianzia mkiani. Karibu kila kilichomo ni cha kuonekana, na kinachoufanya uwanja wa farasi udumu hakionekani. Kwa kuwa fedha zako ni za kubana, zizike ardhini kwanza. Vya kuonekana vitangoja.

Shida kubwa ya uwanja ni maji. Shamba lako lina ule udongo mweusi wa Laikipia, unaovimba ukinyesha na kupasuka nyufa ukikauka. Ukimwaga mchanga juu yake, mvua za masika zitaukoroga wote uwe tope, na hutauona tena mchanga wako. Kwa hiyo usichimbe chochote kabla ya mvua za Machi. Zikianza, vaa buti utembee shambani maji yakiwa bado yanakimbia. Tazama yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanatokea upande gani, kisha piga vigingi pale palipokauka upesi. Bonde lile karibu na zizi linavutia kwa sababu ni tambarare, lakini maji hufuata mkondo, na mkondo unaishia hapo. Chagua kile kiinuko cha nyuma hata kama kitakuongezea kazi ya kuchonga.

Kuna sababu nyingine ya kuyakimbia maji yaliyotuama. Ugonjwa unaoua farasi wetu wa Afrika kwa siku chache huenezwa na usubi, na usubi huzaliana kwenye udongo wenye unyevu, hasa uliochanganyika na mavi. Uwanja usiotoa maji ni kitalu cha usubi mlangoni pa zizi. Ukavu wake ni sehemu ya kinga, pamoja na chanjo na kuwaingiza farasi bandani kabla ya jua kutua.

Sasa ukubwa. Kipimo kidogo kinachokubalika ni mita 20 kwa 40. Ule mkubwa wa mashindano ya mafunzo ya farasi (dressage) ni 20 kwa 60, na huuhitaji. Usipunguze upana wa 20, maana ndio unaokupa duara la mita 20 ambalo farasi na mwanafunzi hujifunzia mizani. Ukitaka kuokoa pesa, punguza urefu: sawazisha ardhi ya mita 40 yote, lakini jenga nusu tu mwaka huu, 20 kwa 20, huku upande mmoja ukiachwa wazi kwa ajili ya nusu ya pili. Nusu hiyo ambayo haijajengwa utaitumia kupandia farasi ikiwa nyasi wakati wa kiangazi.

Kupima hakuhitaji mtaalamu wa gharama. Nyosha kamba kwenye vigingi vinne, kisha pima kutoka pembe hadi pembe. Mistari hiyo miwili ikilingana, na kila mmoja ukiwa mita 44 na sentimita 72, mstatili wako umenyooka. Kwa usawa, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kama mafundi wa nyumba. Usiufanye uwanja kuwa bapa kabisa. Upe mwinamo mmoja, sentimita 20 hadi 40 kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini katika ule upana wa mita 20. Farasi hatauhisi, lakini maji yatautii. Upande wa mlimani chimba mtaro wa kuyakinga maji ya jirani yasiingie kabisa.

Tingatinga kodi kwa siku, na likifika, vigingi viwe vimeshapigwa, kwa sababu mtambo unaolipiwa ukisubiri kamba ni pesa inayochomwa. Liondoe udongo mweusi hadi lifikie ardhi ngumu, na udongo huo usiutupe: ujengee tuta upande wa mtaro. Kisha shindilia. Juu yake tandaza kile kitambaa ambacho wajenzi wa barabara hutenganishia udongo na kokoto. Najua utashawishika kukiacha. Usikiache, kwani pasipo hicho kokoto zitazama kwenye tope mwaka hadi mwaka. Juu ya kitambaa weka kokoto zilizopondwa, unene wa sentimita 15, uzishindilie kwa roli mpaka gurudumu la lori lisiache alama. Kwa nusu uwanja hizo ni mita za ujazo 60. Moramu peke yake isikuvutie kwa bei yake. Ikilowa huteleza, na farasi anayeteleza akiwa na mtoto mgongoni ni hatari usiyoitaka.

Mchanga ndio wa mwisho, na hapa wengi hukosea kwa kuongeza. Sentimita 5 zinatosha kuanzia. Mchanga mwingi huchosha kano za miguu, na farasi wako wametoka kwenye mbio, kwa hiyo kano hizo zimeshafanya kazi nyingi. Kuongeza mchanga baadaye ni rahisi kuliko kuutoa. Kwa nusu uwanja unahitaji mita za ujazo 20, takriban malori matano ya tani saba. Uliza punje zake kabla ya bei. Za mto zimesuguliwa zikawa mviringo na huserereka chini ya kwato. Za mawe yaliyopondwa zina pembe, nazo hushikana. Jaza chupa mchanga na maji, itikise, iache itulie. Maji yakibaki na rangi ya chai kwa muda mrefu, mchanga huo una tope, urudishe. Na kwa kuwa gharama kubwa iko katika safari, tafuta machimbo ya karibu kabla ya yale yenye sifa.

Ua unaweza kujengwa kwa nguzo za mikaratusi, kimo cha mita moja na robo, huku fito zikipigiliwa upande wa ndani ili goti la mpandaji lisikwame kwenye nguzo. Seng'enge isikaribie kabisa. Rangi nyeupe, lango la chuma na taa vitakuja ukipata pesa ya masomo.

Utunzaji ni kazi ya mikono. Zoa mavi kila siku. Buruta mchanga kwa lango kuukuu au fremu ya mbao iliyowekewa uzito, ukianzia kando kuelekea ndani, maana kwato husukuma mchanga kingoni. Vumbi la kiangazi litakusumbua, basi tega mifereji kwenye paa la zizi ukusanye maji ya kunyunyizia. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hukupa lita 1,000, na maji hayo hayatiririki tena ovyo kuingia uwanjani.

Tingatinga na kokoto zisubiri mvua ziishe. Kwa sasa ngoja mvua zianze, upige vigingi, kisha nitumie mchoro wa maji yalivyotembea ukishanyeshewa mara kadhaa. Nikiupata nitakuja na kamba yangu, tupime pamoja kabla hujalipa mtu yeyote hata shilingi.

Wasalimie nyumbani, na uwape farasi mkono wangu.

Mjomba wako