Nyuma ya Gurudumu la Mwenzangu



Wengi wameniuliza habari ya kovu lililo kwenye kiwiko changu cha kuume, na kwa nini ni jeusi namna hii. Watoto wa mafundisho wanadhani nilipigana na mwizi. Sikupigana na mtu. Nilianguka na kinga. Basi nimeona vema niwaeleze kiangazi chote cha mwaka 2024, tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa, maana kovu lenyewe ni jambo dogo. Liko jingine lisiloonekana mkononi.

Baba yangu alikuwa mtu wa makala. Ninyi wa Lubumbashi mnawajua watu hawa. Wanatoka porini usiku, magunia yamefungwa juu ya kinga, nao wanaisukuma kwa miguu kilometa nyingi mpaka sokoni. Ni wakati wa kurudi tu, bila mzigo, ndipo wanapanda na kukanyaga. Mimi nilijifunza kwa kinga ile ya baba, nikipitisha mguu chini ya chuma cha katikati sababu nilikuwa mfupi. Baadaye katika seminari nilipewa kazi ya kupeleka barua, nayo ilikuwa kazi ya kinga pia. Sikufika upadri. Nilikuwa mwalimu wa dini, nikaoa, tuna watoto watatu. Lakini miguu haikusahau.

Mwaka 2023 nilinunua kinga ya mashindano. Si mpya, ilitoka Ulaya ndani ya kontena, pamoja na viti na friji za zamani. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Mke wangu alikubali, lakini alisema neno moja: «Baba wa watoto, cherehani yangu inangoja ukanda mpya tangu Pasaka. Kinga hiyo isilale bure.»

Ilibaki ruhusa ya Padri Mkubwa, maana mashindano yetu hufanywa siku ya Mungu asubuhi, kabla motokari hazijajaa njiani. Alifikiri kitambo, kisha akasema: «Kwa Jumapili tano nitapata mwingine wa kuongoza. Lakini siku ya posho jioni nikuone kwenye Misa, tena mbele, si nyuma ya nguzo.»

Mashindano ya kwanza yalikuwa kwenda Kipushi na kurudi, karibu kilometa 60. Tulikuwa watu 38. Nilijiona mwenye nguvu, nikatoka mbele mara moja, watu wakapiga makofi, na kwa kilometa kumi nilikuwa mfalme. Halafu kundi lote likanipita kama maji yanavyopita jiwe. Nikabaki peke yangu. Njiani kurudi, mtu mmoja wa makala, kinga yake tupu, alinifikia, akakanyaga kandokando yangu akivuta sigara. Aliitazama namba mgongoni mwangu, akauliza: «Mwalimu, umepotea?» Nilimaliza wa 31.

Lazima nieleze jambo la upepo, maana habari yote imesimama hapo. Mtu asiyepanda anafikiri mwenye kinga anashindana na njia. Sivyo. Mahali pa tambarare anashindana na hewa. Ukienda kilometa 35 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako inaishia katika kuipasua hewa iliyo mbele yako. Lakini ukikaa nyuma ya mwenzako, gurudumu lako karibu na lake kama kiganja kimoja au viwili, yeye anapasua na wewe unapita ndani ya tundu lake. Unaokoa robo ya nguvu, pengine hata theluthi. Anayejua hili haendi mbele kama nilivyokwenda mimi siku ile. Ndiyo sababu wenye mbio hupokezana: huyu anavuta dakika moja, anajitenga kando, yule naye anavuta. Hakuna mwamuzi anayewalazimisha. Ni uaminifu tu.

Haya yote nilifundishwa na kijana mmoja wa miaka 19. Jina lake siliandiki, hapendi. Mimi nilimfundisha mafundisho ya Kipaimara; yeye alinifundisha upepo. Kazi yake ni kutengeneza kinga kando ya soko. Kinga yake mwenyewe aliiunga kwa vipande vya kinga nne, na mpira wake wa nyuma alikuwa ameushona kwa uzi wa viatu mahali pawili. Toka mwezi wa tano tulitoka pamoja saa kumi na moja asubuhi, mara tatu kwa juma. Mnajua baridi ya Katanga katika mwezi wa sita: vidole havisikii breki. Tulivaa soksi mikononi. Tuliagana kwamba kila mmoja atavuta dakika mbili, naye alihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, maana alisema hesabu za Kiswahili ni ndefu mno kwa mtu anayehema.

Katika mashindano ya pili nilikuwa wa 12. Yeye alikuwa wa tisa. Nilirudi nyumbani nikiimba, na mke wangu akaniuliza kama wa 12 anapata kitu. Nikamwambia anapata heshima. Akaitazama cherehani.

Halafu ukaja mwezi wa saba. Siku ya 1 Julai 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mbio za siku ile za Tour de France, zilizoishia Turin. Tour ilianza mwaka 1903, na hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amefanya hivyo mbele yake. Akashinda tena mara mbili, akamaliza mbio zote na fulana ya kijani. Loo, furaha gani! Kila mtoto mwenye kinga katika mtaa wetu alikuwa Girmay. Kila nguzo ya taa ilikuwa mwisho wa mbio. Na mimi pia, mtu mzima wa miaka 35, nilikuwa Girmay.

Mashindano yetu ya tatu yalikuwa mwezi huo, kwenye barabara ya Likasi, kilometa 45 kwenda na 45 kurudi. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka kusini-mashariki. Basi kwenda Likasi unasukumwa, na kurudi Lubumbashi unaukuta usoni. Watu wawili walitoroka mapema, hatukuwaona tena. Zilipobaki kilometa 12, kijana wangu na mimi tuliliacha kundi, tukawa peke yetu katika nafasi ya tatu. Tulipokezana vizuri kwa kilometa tatu. Zamu yangu ilipofika tena, nilimwambia: «Miguu imekufa, ndugu yangu.»

Miguu haikuwa imekufa. Ilikuwa imechoka, ni kweli, lakini ilikuwa hai. Yeye hakuuliza neno. Alishusha kichwa, akavuta. Akavuta kilometa tisa juu ya upepo ule. Kila mara kundi lilipokaribia aliongeza nguvu, na mimi nilikaa nyuma yake kwa raha, nikautazama mpira wake ule wa nyuma, mishono miwili ikizunguka, ikizunguka. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kufikiri. Nilijiambia: hata Girmay hutoka nyuma ya wenzake. Nalo ni kweli, lakini wenzake ni watu wa kundi moja naye, wanajua tangu asubuhi kazi ya kila mmoja, na kwa desturi zawadi inagawanywa. Hayo niliyaruka. Zilipobaki metro mia mbili nilitoka nyuma yake nikampita.

Zawadi ilikuwa kwa watu watatu tu. Mimi nilikuwa wa tatu: mipira miwili mipya, bado ndani ya karatasi. Yeye alikuwa wa nne. Alikuja, akanishika mkono mbele ya watu, akasema kwa upole: «Mwalimu, miguu yako imefufuka.»

Watu walicheka, walidhani ni mzaha wa kanisani. Jumatano yake, zamu ilinifikisha kwa watoto kwenye amri ya nane. Nilifundisha haraka, sikuuliza maswali.

Baada ya siku ile kijana hakuja tena saa kumi na moja. Hakunitukana, hakunisema kwa watu, na nilipopita sokoni aliniamkia kama kawaida: «Jambo, Mwalimu.» Lakini asubuhi nilikuwa peke yangu barabarani, na upepo wote ulikuwa wangu. Ile mipira niliiweka juu ya kabati. Sikuweza kuifunga kwenye kinga. Mke wangu aliuliza sababu. Nikamwambia nangoja mashindano makubwa. Hapo nikawa nimesema uongo wa pili kwa ajili ya ule wa kwanza.

Mwezi wa nane tulikimbia kwenye barabara ya Kasumbalesa. Hiyo ni njia ya malori ya shaba, na hata asubuhi ya Jumapili hayakosekani. Lori moja lilipiga honi nyuma yetu, tukajibana pembeni kwenye mchanga, na ndani ya mchanga palikuwa na shimo. Uma wa mbele, ndicho chuma kinachoshika gurudumu, ulikatika. Nilitua kwa kiwiko. Kundi lilipita. Kijana naye alipita. Alinitazama, akaona kwamba nimekaa na sijafa, akaendelea. Hakukosa. Siku ile alikuwa wa pili.

Nilikaa pale, na nikamkumbuka Eugène Christophe. Habari yake nilikuwa nimeisoma. Katika Tour ya mwaka 1913, Mfaransa huyo alikatikiwa na uma vilevile akishuka mlima Tourmalet. Sheria ya wakati ule ilikataza msaada wowote. Alibeba kinga begani zaidi ya kilometa kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma kwa mikono yake mwenyewe, saa baada ya saa, waamuzi wakimtazama. Lakini mtu hawezi kushika nyundo na kuvuta mivukuto pamoja, mivukuto kama ile ya wazee wetu walioyeyusha shaba. Mtoto mmoja akamvutia. Kwa sababu hiyo waamuzi wakamtoza dakika za adhabu. Zamani niliposoma habari hii nilikasirika. Sasa, nikiwa nimekaa kwenye mchanga na damu mkononi, niliwaza namna nyingine. Wale waamuzi walikuwa wagumu, lakini pumzi ya mtoto waliiona, wakaihesabu. Kwenye barabara ya Likasi mimi nilivutiwa kilometa tisa nzima, na katika karatasi ya mashindano hazikuandikwa popote.

Aliyeniokoa alikuwa mtu wa makala akienda mjini na magunia yake. Alifunga kinga yangu juu ya mzigo, mimi nikasukuma kutoka nyuma, tukaenda hivyo kilometa tisa (naam, tisa, nilizitazama kwenye mawe ya njia). Jasho, damu na vumbi la makala vilichanganyika, na vumbi likabaki ndani ya kidonda. Ndiyo maana kovu ni jeusi. Njiani aliuliza: «Mbio zenu hizi, mshindi anapata nini?» Nikajibu: «Mara nyingine mipira miwili.» Akaitazama mipira yake iliyokwisha, akacheka mpaka tukasimama.

Kesho yake nilipeleka kinga kwa kijana, sababu hakuna fundi mwingine ninayemwamini kwa uma. Nilipeleka pia ile mipira. Nilimwambia yote: kwamba miguu haikufa, kwamba nilijua nilivyokuwa nikifanya tangu kilometa ya kwanza mpaka ya mwisho. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, bisibisi mkononi. Akasema: «Nilijua, Mwalimu. Mtu aliyekufa miguu hahemi namna ile.» Kisha akachukua mpira mmoja, mwingine akanirudishia. Nikakataa. Akasema: «Hapana. Kabla ya hapo ulivuta nawe. Mmoja ni wako.»

Kwa uma alinitoza bei kamili, bila kupunguza franka moja.

Mashindano ya mwisho yalikuwa mwezi wa tisa, tena kwenye barabara ya Likasi. Joto limeanza, majani yameungua, upepo ni uleule. Sikuwa na nguvu nyingi, kiwiko kilikuwa kikiuma. Wakati wa kurudi nilikwenda mbele ya kundi, nikavuta. Sikumwita mtu. Walikaa nyuma yangu wote kwa furaha, kama watu wanavyopanda motokari ya bure. Nilivuta kadiri nilivyoweza, na nilipokuwa karibu kuishiwa nilitazama chini ya kwapa kuona ni nani anayefuata. Niliona gurudumu la mbele lenye mpira mpya. Alikuwa nyuma yangu, lakini si karibu kama zamani. Alikuwa ametoka kando kidogo, vidole juu ya breki, ameacha nafasi ya metro moja.

Nilimaliza wa 19. Yeye alikuwa wa tano. Ukanda wa cherehani nilinunua mwezi wa kumi, mvua ilipoanza.