Safari Yetu ya Mbweni



Wengi wenu mmekwisha kusikia neno lililozuka katika baraza ya mtaa wetu. Ililetwa barua ya kutuomba msaada kwa ajili ya nyumba ya mayatima katika nchi ya ng'ambo. Wengine walisema, “Mtoto wa jirani analala na njaa, nasi tuvushe fedha bahari?” Wengine walijibu kwamba njaa ya mtoto haiulizi mpaka. Maneno yalirefuka jioni mbili, hata mzee mmoja akasema, “Kabla hamjakata shauri, nendeni Unguja mkatazame Mbweni. Zamani sisi ndisi tuliokuwa watoto wa ng'ambo, na watu wasiotujua walitutolea senti zao.” Basi twalichaguliwa watu 6, wanaume 3 na wanawake 3, twende tukaone, kisha tuwaletee habari.

Twalipanda boti Dar es Salaam asubuhi na mapema. Bahari ilikuwa shwari, lakini tulipokaribia kisiwa upepo ulianza kuvuma, na wenzetu wawili wakatapika. Sisi tuliosalia twaliwacheka, wala haukupita muda tukatapika sisi.

Kwanza twalikwenda Mkunazini. Hapo ndipo palipokuwa na soko la watumwa, hata tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko hayo. Siku ya Krismasi ya mwaka uo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali hapo. Askofu Edward Steere aliisimamia kazi ya kulijenga. Naye alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare twalionyeshwa duara la marumaru nyeupe iliyozungukwa na nyekundu. Husimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kupigwa. Nje, ndani ya shimo, zipo sanamu za watu 5, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, na minyororo i shingoni mwao. Twalisimama kitambo bila kusema neno.

Hesabu ile ya watu 5 ilitukumbusha wengine 5. Misheni iliyoitwa UMCA ilianzishwa baada ya Dk. Livingstone kusema na watu wa chuo kikuu cha Cambridge mwaka 1857 na kuwasihi wasiisahau Afrika. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire. Askofu Tozer aliyemfuata alihamia Unguja mwaka 1864, wala hakuwa na shule wala mwanafunzi. Ndipo Seyyid Majid alipompa wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio mwanzo wa shule. Baadaye manowari za Waingereza zilipokuwa zikikamata majahazi baharini, watoto walioonekana humo walipelekwa kwa misheni wapate kulelewa.

Sasa, watoto hao walikula nini, na nguo zao zilitoka wapi? Hapa ndipo tulipotaka kufika. Zilitoka katika vikapu vya sadaka vya makanisa ya Uingereza. Mtaa mmoja, au shule moja ya Jumapili, uliahidi kumchukua mtoto mmoja na kumlipia chakula, nguo na mafundisho. Watoto wa Kiingereza nao walikuwa na chama chao, jina lake Coral League, wakakusanya senti zao ndogo. Wengi wa watoaji hao hawakuiona Unguja hata siku moja.

Kutoka mjini twalikwenda Mbweni, yapata maili 4 upande wa kusini. Misheni ilinunua shamba hilo mwaka 1871, na watu waliofunguliwa utumwani wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ilikuwa hapo. Leo hii ni magofu: kuta za mawe ya matumbawe zimesimama bila paa, na mizizi ya miti imepenya katika madirisha. Lakini kanisa la Mtakatifu Yohana lipo karibu. Katika uwanja wake limo kaburi la Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 kuiongoza shule, akakaa Unguja hata alipofariki mwaka 1926.

Mzee mmoja mwenyeji alitukuta pale. Twalimwamkia, “Shikamoo, Mzee,” naye akaitika, “Marahaba, wanangu, karibuni.” Alituonyesha yalipokuwa madarasa, akatueleza kwamba wasichana wengine walifundishwa ualimu, na wengine kushona, kufua, kupika na kusuka mikeka. Akasema, “Msidhani kwamba utumwa ulikwisha soko lilipofungwa. Watoto walisoma humu, na nje ya shamba watu walikuwa bado watumwa kwa sheria.” Ndivyo ilivyokuwa, maana sheria ya kuukomesha utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897 tu.

Twalimwuliza, “Je, watoto hawa walirudi kwao?” Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, “Wachache. Wengi walichukuliwa wangali wadogo. Hawakujua njia, na wengine hawakujua jina la kijiji.”

Neno hilo lilituchoma. Mwaka 1887 kilitolewa kitabu cha habari walizoandika wavulana wa shule ya Kiungani, kwa Kiingereza cha A. C. Madan. Humo watoto wenyewe walisimulia jinsi walivyotekwa na kutenganishwa na mama zao. Tena tazameni majina ya walimu wa kwanza waliotoka katika shule zile: John Swedi, Francis Mabruki, Cecil Majaliwa. Swedi, Mabruki na Majaliwa ni majina ya pwani. Majina waliyopewa na mama zao hayakuandikwa hapo.

Hata hivyo sadaka ile haikupotea. John Swedi, mmoja wa wale 5 wa kwanza, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyefunguliwa utumwani, alikwenda mwaka 1886 kufanya kazi Chitangali, katika watu wa kabila lake mwenyewe, na mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Aliyelishwa na watu wa mbali alirudi kuwalisha walio wake.

Sasa tuwaeleze jambo la mwenzetu mmoja, naye ametupa ruhusa. Mama huyu amelea yatima miaka 4, mvulana mwenye akili na adabu. Bibi yake mtoto, anayekaa bara, ametuma salamu mara nyingi akiomba mjukuu aje amwone, wala mama hakujibu. Aliogopa kwamba mtoto akienda hatarudi. Jioni ile, tulipokuwa tumeketi penye kuta za shule, alisema, “Watoto hawa walikosa njia ya kurudi kwao. Wangu anayo, nami ndimi niliyeifunga.” Akalia. Hatukuwa na la kumwambia, ila mwenzetu mmoja alimshika mkono.

Tuliporudi, aliandika barua kwa yule bibi siku ya pili. Likizo ijayo mtoto atakwenda, na mama atamsindikiza mwenyewe.

Basi, baraza ilikutana tena nasi tukaeleza tuliyoyaona. Imekatwa shauri kwamba sadaka ya Jumapili moja katika kila miezi 3 itapelekwa kwa mayatima wale wa ng'ambo, na nyingine kama hiyo itakaa hapa kwa watoto wetu, ili mmoja asiliwe na mwingine. Tena tumewaandikia wenye nyumba ile tukiwaomba mambo mawili: kwamba jina la kila mtoto na jina la kijiji chake liandikwe na kutunzwa, na kwamba jamaa zake, wakiwapo, watafutwe. Hatukuomba picha wala barua za shukrani. Anayemlisha mtoto hakumnunua.

Wapenzi, mkitia sadaka yenu, wakumbukeni wale waliotutolea wasituone. Wengi wao hawakujua mwisho wa senti yao. Sisi tumeuona.

Mungu awalinde ninyi na watoto walio chini ya paa zenu.

Ni sisi, wasafiri wenu.